Kumkwepa Jasusi Si Kumkwepa Mola

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mwenye kujua ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu wapenzi na wazazi waheshimiwa, huenda wengine wakashangaa kukuta katika jarida la madrasa makala juu ya hadithi za ujasusi. Tumeonelea tuziandikie kwa sababu vijana wetu wanazipenda mno. Baba zao walisoma riwaya za Elvis Musiba, kama vile Kufa na Kupona na Njama, wakamjua jasusi Willy Gamba kama wanavyomjua jirani yao. Leo watoto wao wanaangalia filamu za Marekani na Uingereza ndani ya simu, nyingine zikiwa zimesimuliwa kwa Kiswahili juu yake.

Ukiwauliza kinachowavutia, wengi hawataji bastola wala magari. Wanataja namna shujaa anavyotoroka. Kamera ziko kila pembe ya mji, setilaiti iko angani, simu yake inasikilizwa, na bado anapotea mbele ya macho ya wanaomsaka. Mtazamaji roho iko juu mpaka amwone amepenya. Kisha hubaki na swali moja tu: amewezaje?

Sisi tunaona liko swali kubwa kuliko hilo. Ni nani anayejificha, anamkwepa nani, na kwa ajili ya lipi? Ustadi wa kujificha peke yake si wema wala si uovu. Mwizi hujificha apate kuiba, na aliyedhulumiwa hujificha apate kuokoa dini yake na roho yake. Asiyeuliza swali hili anaweza kumshangilia dhalimu akidhani anamshangilia shujaa.

UFUNDI WENYEWE

Tuanze na filamu ya Enemy of the State iliyotoka mwaka 1998. Mwanasheria mmoja wa Washington anatumbukiziwa, bila yeye kujua, ushahidi wa picha za mauaji ya mbunge. Maofisa waliohusika na mauaji hayo wanaanza kumsaka. Wanamwekea vifaa vya kumfuatilia katika saa, kalamu, viatu na nguo zake, hata kila anapokimbilia wao wamekwisha jua. Anayemsaidia ni mzee aliyewahi kufanya kazi hiyo hiyo ya upelelezi. Mzee huyo hufanyia shughuli zake ndani ya kizimba kilichozungushiwa wavu wa shaba ili mawimbi ya redio yasiingie wala yasitoke. Huo si uchawi wa sinema. Wavu wa madini yanayopitisha umeme huzuia mawimbi kweli, na kanuni yake ilionyeshwa na mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, mwaka 1836.

Mfano wa pili ni The Bourne Ultimatum ya mwaka 2007. Mwandishi wa gazeti anataja jina moja la siri katika simu, na mitambo ya Wamarekani inalinasa papo hapo. Jasusi Jason Bourne anamtumbukizia simu ndogo mfukoni katika stesheni ya treni ya Waterloo, London, kisha anamwongoza hatua kwa hatua katikati ya umati: sasa inama ufunge kiatu, sasa simama, sasa fuata ukuta. Kwa muda mambo yanakwenda vizuri. Halafu hofu inamshinda yule mwandishi, anaacha kufuata maelekezo, anatoka alikojificha na anapigwa risasi. Watazamaji wengi hukumbuka kamera. Sisi tunakumbuka kwamba aliangamia kwa kukosa subira, wakati njia ya kutokea alikuwa ameshaonyeshwa.

Mfano wa tatu ni riwaya ya Little Brother ya Cory Doctorow, iliyotoka mwaka 2008. Kijana wa miaka 17 mjini San Francisco anasoma shule yenye kamera zinazomtambua mwanafunzi kwa mwendo wake, naye anatia vijiwe ndani ya viatu ili mwendo ubadilike. Baada ya mji kushambuliwa na magaidi, yeye na wenzake wanakamatwa bila ya kosa. Anapoachiwa, anaunda mtandao wa siri wa vijana kuwahangaisha waliomtesa. Kitabu hiki kina mambo yasiyofaa kwa mwanafunzi wa madrasa, wala hatukipendekezi kisomwe. Lakini liko jambo moja ndani yake ambalo vijana hulipita haraka. Pamoja na hila zake zote za kompyuta, kijana yule hakupata nafuu mpaka alipoketi na wazazi wake akawaeleza ukweli wote, kisha habari ikafikishwa kwa mwandishi wa gazeti.

TUNAMSHANGILIA NANI?

Katika mifano hiyo mitatu anayejificha amedhulumiwa, kwa hiyo ni rahisi kuwa upande wake. Sasa tutazame riwaya ya The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth, iliyotoka mwaka 1971. Humo anayejificha ni muuaji wa kukodiwa. Amelipwa amuue Rais wa Ufaransa, Charles de Gaulle. Anatafuta jina la mtoto aliyefariki zamani, anachukua cheti chake cha kuzaliwa na kwa cheti hicho anapata pasipoti. Anabadilisha sura, anabadilisha magari, anavuka mipaka, na polisi kila mara wanafika yeye ameshaondoka.

La ajabu ni kwamba msomaji hujikuta anamtakia afike. Anajua kuwa mtu huyu ni muuaji. Anajua pia kuwa de Gaulle hakuuawa, bali alifariki nyumbani kwake mwaka 1970, kabla kitabu hakijatoka. Hata hivyo polisi wanapokaribia, moyo wake unamwambia muuaji: kimbia!

Hapa ndipo penye hatari. Ustadi unatupumbaza tukasahau kuuliza kazi ya ustadi huo. Kijana akizoea kumshangilia kila anayekwepa, mwisho huona kukwepa kwenyewe ndiko ushujaa. Akiwa na laini ya pili ya simu ambayo baba yake haijui, hujiona Bourne. Akifuta ujumbe kabla mama hajaingia chumbani, hujiona ameshinda vita. Ni vita gani hiyo, na aliyeshindwa ni nani? Aliyeshindwa ni mama yake mzazi, ambaye hakuwa adui yake hata siku moja.

SI MAMBO YA KUTUNGWA TU

Pamoja na hayo, haifai kusema kuwa hadithi hizi ni upuuzi mtupu. Yako mengi ndani yake yaliyotokea kweli. Mwezi wa Juni 2013, Edward Snowden, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta akiitumikia idara ya usalama wa taifa ya Marekani, aliwapa waandishi wa habari nyaraka za siri akiwa Hong Kong. Nyaraka hizo zilionyesha kuwa idara hiyo ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu wasiotuhumiwa kosa lolote. Iliripotiwa kuwa mawakili walipokwenda kuzungumza naye aliwataka watie simu zao ndani ya jokofu. Kile kizimba cha shaba cha filamu ya mwaka 1998 kikawa kifaa cha jikoni.

Waislamu nao yamewafika. Kuanzia mwaka 2011 shirika la habari la Associated Press lilifichua kuwa polisi wa New York walikuwa wakituma wapelelezi misikitini, katika mikahawa na katika jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu, si kwa sababu ya kosa lililofanyika bali kwa sababu ya dini ya wanaopelelezwa. Mwaka 2012 ofisa wao wa juu alikiri chini ya kiapo kwamba kazi ya kitengo kilichochora ramani ya jamii hizo haikuwa imezaa hata fununu moja iliyofungua uchunguzi wa ugaidi. Kitengo hicho kilivunjwa mwaka 2014. Tujiulize hasara iliyobaki. Muumini anaposimama katika safu bega kwa bega na mwenzake, huku akijiuliza kama huyu ni ndugu au ni mpelelezi, nini kinabaki katika jamaa?

Uingereza pia, mwaka 2010, wakazi wa mitaa ya Birmingham yenye Waislamu wengi waligundua kuwa wamezungushiwa kamera 218, na 72 kati ya hizo zilikuwa za kufichwa. Hawakutia vijiwe viatuni wala hawakukimbia. Waliitisha mikutano, wakazungumza na madiwani, wanasheria na magazeti, wakidai haki yao hadharani. Mwaka 2011 kamera hizo ziliondolewa. Vijana wetu wakumbuke kisa hiki kila wanapodhani kuwa dawa ya kupekuliwa ni kujificha tu. Huku kwetu nako, Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zimeandikwa zitumike, na wa kuzitumia ni raia anayejua haki yake.

UISLAMU NA UPEKUZI

Hao waliodai haki yao walidai jambo ambalo dini yetu imelitamka kwa zaidi ya karne 14. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametukataza kudhaniana vibaya, kisha akatukataza kupelelezana, kisha akatukataza kusengenyana. Tazameni mpango wake. Dhana mbaya huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno ya kusengenya. Katika Surat an-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Naye Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa mwenye kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu wasiotaka asikie, atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni Siku ya Kiyama.

Wanazuoni wanasimulia kisa cha Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokuwa khalifa. Usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, mtu yule akamjibu kuwa yeye amekosea moja na khalifa amekosea matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlangoni, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Umar hakutoa upanga. Alikubali na akaondoka. Hebu tulinganishe khalifa huyu na wakubwa wa katika filamu, ambao mtu akiwaambia wamevunja haki yake humwongezea kamera.

Hatusemi kwamba dola isilinde raia wake. Mwenye kupanga kuua watu azuiwe, na mwenye ushahidi aende kwa hakimu. Tunachosema ni kwamba kumpekua mtu ambaye hakuna jambo lolote lililodhihirika juu yake ni dhulma, hata kama mpekuzi ana nia njema.

KIPIMO CHETU NI HIJRA

Sasa turudi kwenye swali letu. Kama kujificha kunaweza kuwa haki, kujificha kwa haki kukoje? Hatuna haja ya kungoja Hollywood itufundishe. Mwaka 622 Makureshi walikubaliana kumuua Mtume (S.A.W.), wakaizingira nyumba yake usiku. Sayyidna Ali (R.A.) akalala katika kitanda chake. Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) wakatoka, na ingawa Madina iko kaskazini, wao wakaelekea kusini, kwenye pango la Thaur, wakakaa humo siku tatu mpaka msako ukapungua.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Abdullah, mtoto wa Abubakar, alishinda Makka akisikiliza wanayopanga Makureshi, usiku akapeleka habari pangoni, na kabla ya alfajiri akarudi mjini kama kwamba alilala huko. Amir bin Fuhaira alipitisha mbuzi na kondoo ili nyayo zifutike na ili wapate maziwa. Bibi Asma (R.A.) alitayarisha chakula cha safari, akapasua mshipi wake wa kiunoni kukifungia. Kiongozi wa njia, Abdullah bin Uraiqit, wala hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa mwaminifu. Makureshi walitangaza zawadi ya ngamia mia, na hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyeuza siri.

Ulinganishe msafara huo na riwaya mashuhuri ya George Orwell, 1984, iliyochapishwa mwaka 1949. Mtu anakodi chumba juu ya duka akidhani huko hakuna chombo cha kumtazama. Kumbe chombo kimefichwa nyuma ya picha ukutani, na mwenye duka mwenyewe ni askari wa upelelezi. Alijali sana vyombo, akamwamini asiyefaa kuaminiwa. Katika Hijra hakukuwa na chombo chochote. Kulikuwa na mipango mizuri, watu waaminifu, na kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Liko jambo moja zaidi ambalo hatujaliona katika filamu yoyote. Sayyidna Ali hakubaki Makka kwa ajili ya kulala kitandani tu. Alibaki ili arudishe amana ambazo watu wa Makka walikuwa wameziweka kwa Mtume (S.A.W.), na wengi wa watu hao ndio hao hao waliokuwa wakimpinga. Anawindwa auawe, na bado anahakikisha kila mtu anapata chake. Hiki ndicho kipimo chetu. Kujificha kwa haki hakumdhulumu mtu, hakuvunji amana, na mwenye kujificha anaweza kusimama mbele ya Mola wake akaeleza alikuwa akificha nini.

JICHO LISILOKWEPEKA

Hakuna kizimba cha shaba kinachomzuia Mwenyezi Mungu. Katika Surat al-Mujadila, aya ya 7, tumefundishwa kuwa hawanong'oni watatu ila Yeye ni wa nne wao. Mke wa mheshimiwa wa Misri alifunga milango yote, akadhani yuko peke yake na Nabii Yusuf (A.S.). Yusuf akakimbilia mlangoni, kwa sababu alijua Anayeona hafungiwi mlango.

Inasimuliwa pia kuwa Umar (R.A.), akizunguka usiku mjini Madina, alisikia mama akimwambia binti yake achanganye maziwa na maji, kwani Umar hawaoni. Binti akajibu kuwa kama Umar hawaoni, basi Mola wa Umar anawaona. Umar alipendezwa na uaminifu wake, akamwoza mwanawe Asim. Binti huyo hakuwa na kamera juu ya kichwa chake. Alichokuwa nacho kilikuwa ndani ya moyo, nacho ndicho wanazuoni wanachokiita muraqaba.

Na Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya watu watakaokuja Siku ya Kiyama na mema makubwa kama milima, kisha yageuzwe vumbi, kwa kuwa wakiwa faraghani walikuwa wakiyavunja aliyoyaharamisha Mwenyezi Mungu. Kijana anayefuta kumbukumbu za simu yake kila usiku aitafakari hadithi hii.

NASAHA ZETU

Kwa wanafunzi wetu tunasema:

1. Mkiangalia au mkisoma hadithi ya ujasusi, jiulizeni kila mara: anajificha nani, anamkwepa nani, kwa ajili ya lipi?

2. Lindeni siri zenu za halali. Kuweka neno la siri katika simu, kutogawa picha zenu ovyo na kutoitangaza safari ya familia mitandaoni si uoga, ni kuchunga amana.

3. Msiwapeleleze wenzenu. Kuchukua simu ya mwenzako na kusoma ujumbe wake ni tajassus, hata kama ni kwa mzaha.

4. Jambo likiwazidi, mkitishwa au mkilaghaiwa na mtu kwa simu, msitafute hila za filamu. Nendeni kwa mzazi au mwalimu siku hiyo hiyo.

Na kwa wazazi waheshimiwa tuna neno moja, ingawa huenda likawa zito. Wapo wazazi wanaotuuliza kama inafaa kuweka kwa siri katika simu ya mtoto programu itakayowaonyesha kila anachoandika. Rai yetu ni kuwa haifai kuanza hivyo. Mtoto mdogo asipewe simu ya peke yake, na mkubwa awekewe masharti yaliyo wazi: simu ilale sebuleni, mzazi aitazame mtoto akiwa yupo, na ajue kuwa itatazamwa. Ikidhihirika dalili ya hatari, mzazi ana wajibu wa kuingilia kati, na hapo ndipo anaposaidiwa na walimu na wazee. Lakini kumnyemelea mtoto ambaye hajakosa kunamfundisha kuwa nyumbani nako kuna majasusi, naye atajibu kwa kujifunza kukwepa. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimwambia Muawiya (R.A.) kuwa ukizifuatilia aibu za watu utawaharibu. Mzazi naye ni mchunga katika nyumba yake, na onyo hilo linamhusu.

Mtoto aliyelelewa kwa kamera, siku kamera itakapozimika hatakuwa na wa kumzuia. Mtoto aliyelelewa kama yule binti wa maziwa atachungwa na moyo wake popote atakapokuwa, awe Tanga, awe Muscat, awe London.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu, atulinde na dhulma ya wenye kutupeleleza, atukinge na sisi tusiwapeleleze wengine, na aijaalie siri yetu iwe njema kuliko dhahiri yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.